Kusoma Saa Kwenye Picha

3 Februari

Mpwa wangu Mbavu,

Mimi mzima, ukiacha pale palipovunjika. Natumaini na wewe u mzima, maana kwenye picha unaonekana mzima kupita kiasi.

Bahasha yako ilifika juzi. Mama Povu, jirani yangu wa chini anayefulia watu nguo, aliipandisha mwenyewe, akaifungua mwenyewe, na akakaa kwenye kiti changu kuitazama kabla mimi sijaiona. Akasema, "Huyu si yule mtoto aliyekuwa anahesabika mbavu?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Basi huko aliko wanakula." Nakufikishia salamu zake kama zilivyo.

Nakushukuru sana kwa kipeperushi cha ukumbi wenu wa mazoezi, chenye picha zako sita. Tangu nivunjike nyonga mwezi wa kumi na moja, watu wameniletea machungwa, dawa za kuchua na ushauri. Wewe peke yako umeniletea kitu cha kutazama. Huenda hujui uzito wake kwa mtu ambaye miezi mitatu dunia yake ni kitanda, dirisha na ngazi kumi na saba asizoweza kuzishuka. Meza yangu ya kazi iko hapo chini, barazani, imefunikwa turubai. Nikiegemea dirisha naiona kona yake. Daktari aliyenitia chuma alisema nikifanya mazoezi kila siku nitashuka. Nisipofanya, nyonga itakauka hivi hivi ilivyo, na mimi nitakuwa mtu wa ghorofani mpaka mwisho wangu. Kwa hiyo unaelewa kipeperushi chako kimefika kwa nani.

Hospitali nao walinipa karatasi yao. Imechorwa vijitu vya vijiti, kichwa duara tupu, bila macho wala pua. Sikujua vinafurahi au vinaumwa. Nimeiweka kando. Chako nimekibandika ukutani mkabala na kitanda, na kila asubuhi tunaanza siku pamoja, wewe na mimi.

Nina swali la mtu asiyesomea mambo hayo. Picha ya kwanza, unapochuchumaa na chuma mabegani, magoti yako yameingia ndani kama yanataka kusalimiana, na visigino vimeinuka. Na ile ya nne, unapoinua chuma kutoka sakafuni, mgongo umejikunja kama mkono wa kikombe. Mimi ni fundi saa, kazi yangu ni kutazama vitu vidogo vinavyokwenda upande. Je, ndivyo inavyotakiwa?

Nijibu kwa barua. Simu unisamehe: sikio langu moja halisikii na la pili halina subira. Ile uliyoninunulia naitumia kama tochi, na ni tochi nzuri.

Mjomba wako


14 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma nimesimama mapokezi, na watu wawili wakaniuliza nacheka nini. Mwambie Mama Povu huku tunakula mayai.

Kusikia kwamba picha zangu ziko ukutani kwako kumenifurahisha kuliko bango lenyewe. Ndiyo, kuna bango. Bosi ameikuza picha ya nne ikawa ndefu kuliko milango miwili, akaitundika ukuta wa mbele wa ukumbi wa mazoezi. Watu wanapita barabarani wanasimama. Nimepata wanafunzi wapya kumi na mmoja. Na bosi, ambaye mwaka mzima alikuwa ananiita "wewe wa zamu ya asubuhi", sasa ananiita kwa jina. Mara mbili amelipatia.

Kuhusu magoti na mgongo, ondoa shaka. Kila kitu kwenye picha zile kimepangwa. Hiyo ni mbinu ya kisasa, misuli inashtuliwa kwa pembe ambazo haikuzizoea. Watu wa zamani walidhani lazima kila kiungo kikae kama mlingoti. Mambo yamebadilika.

Wewe endelea na mazoezi yako, usiruke hata siku moja. Ukisikia panauma kidogo, jua panafanya kazi.

Nashukuru kwa kunitazama kila asubuhi. Ni wachache wanaotutazama sisi kwa mapenzi.

Mpwa wako,
Mbavu


26 Februari

Mpwa wangu Mbavu,

Nimekuelewa. Nilipoona magoti yale nilidhani ni kosa, kumbe ni maendeleo. Nashukuru umenifahamisha kabla sijamwambia mtu.

Sasa nikupe taarifa, maana mwalimu lazima ajue mwanafunzi amefika wapi. Chuma sina. Kwa picha ya kwanza naweka ufagio mabegani, na kila mwisho nimening'iniza pasi, moja ya mkaa na nyingine ya umeme iliyokufa, zote za Mama Povu. Magoti nayaingiza ndani kama wewe. La kulia linakubali. La kushoto, upande wenye chuma cha daktari, linabisha, lakini nalisukuma kwa mkono.

Kugeuza shingo upande wa mlango, kama unavyoigeuza wewe pichani, nimeshazoea. Sikujua faida yake, maana mlangoni kwangu hakuna kitu ila kalenda ya mwaka juzi, lakini nimefuata. Shida yangu ni kucheka. Unacheka kwenye picha zote sita, meno ya juu na ya chini, hata pale penye mzigo wa watu watatu. Ya kwanza na ya pili nacheka vizuri. Kuanzia ya tatu kicheko changu kinakuwa cha mtu anayeng'olewa jino. Jana Mama Povu aliingia akanikuta nimeinamia ndoo, mgongo mkono wa kikombe, shingo mlangoni, meno nje. Akasimama. Akasema, "Mzee, unamcheka nani?" Nikamwambia hii ni mbinu ya kisasa. Akasema, "Basi mimi nitabaki na ya zamani," akaufunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Jambo lingine. Picha ya nne nimeitazama kwa ile lenzi ninayobana jichoni nikifungua saa. Pembeni kabisa, mwisho wa chuma, kuna kidole gumba ambacho si chako, kwa sababu vyako vyote viwili vinaonekana. Nikafikiri ni sehemu ya zoezi, kwamba mtu wa pili hushikilia kidogo upande mmoja. Nimemwomba Mama Povu ashikilie ndoo. Amekataa.

Upande wa kushoto, kuanzia kiunoni hadi nyuma ya paja, panauma sana asubuhi. Kwa vile ulisema panapouma ndipo panapofanya kazi, sina malalamiko: kwangu panafanya kazi ya watu wawili. Wiki ijayo naanza picha ya tano, ile ya kusimama mguu mmoja na kuinua chuma juu ya kichwa. Nitatumia ndoo. Karatasi ya hospitali sinayo tena, niliichana nikafungia vioo vya saa.

Nakushukuru. Si kila mtu ana mwalimu wake ukutani, tena wa damu yake.

Mjomba wako


4 Machi

Mjomba,

Acha. Kama umesimama, kaa. Usiiguse picha ya tano, na ndoo irudishe kwa mwenyewe.

Barua yako nimeipata leo mchana. Hiyo tochi yako nimeipigia mara tisa. Namba ya Mama Povu sina. Hii nampa karani wa mizigo wa basi la jioni, ameahidi itafika kesho.

Hakuna mbinu ya kisasa. Nilikudanganya.

Picha zile zilipigwa na mpiga picha wa harusi. Kazi yake anaijua, ila anajua watu wanaotazama kamera. Nilipochuchumaa inavyotakiwa, visigino chini, magoti yakifuata vidole vya miguu, alisema naonekana kama mtu aliyeko chooni. Akasema inua visigino, tafuta urefu. Kwenye ile ya nne nilianza vizuri, mgongo umenyooka, macho sakafuni hatua mbili mbele yangu. Akaniambia, "Kaka, unanionyesha utosi. Utosi hauvuti mtu." Nikageuza shingo, mgongo nao ukafuata. Kidole ulichokiona ni cha mlinzi wetu wa mlangoni. Alishikilia chuma kwa sababu mtu aliyejikunja vile hawezi kukiinua. Nilikaa hivyo muda wa kusema "cheka" mara moja, halafu nikakiachia. Mwanafunzi wangu angekaa vile ningempigia kelele mpaka barabarani wasikie.

Ukaniuliza. Walimu wenzangu sita wanapita chini ya lile bango kila siku, hakuna aliyeuliza. Wewe umeona kwa kipeperushi cha ukubwa wa bahasha. Jibu nilikuwa nalo, nikaona haya kukwambia, kwa sababu ndiyo kwanza bosi amejifunza jina langu. Nikaandika maneno makubwa. Sikujua kama unafuata, Mjomba. Nilidhani unanitazama tu.

Na hata zingekuwa sahihi, si za mtu mwenye chuma nyongani. Vile vijitu visivyo na uso ndivyo vinavyosema kweli. Mtume mtu hospitali akuchukulie karatasi nyingine.

Niambie bila kuficha: umeumia?

Mbavu


13 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako imefika na mimi sijambo. Nimeacha siku ile ile. Ukiona mwandiko umelala, ni kwa sababu nimebadilisha kalamu.

Naona unajipiga sana, kwa hiyo nikwambie kitu cha ufundi wangu. Chukua tangazo lolote la saa, la ukutani au la mkononi. Mishale itakuwa saa nne na dakika kumi, au hapo karibu. Karibu yote yako hivyo. Mishale ikikaa vile inafunguka kama mdomo unaocheka, na jina la kiwanda linabaki wazi katikati. Hizo saa hazitembei. Zimesimamishwa zicheke, basi. Nimetengeneza saa miaka arobaini na sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba tangazo lilimchelewesha kazini. Hakuna mwenye akili timamu anayesoma saa kwenye picha.

Mimi, fundi saa, nimesoma.

Kwa hiyo kosa tuligawane. Wewe ulisimama ucheke, mimi nikaweka saa yangu kwa kukutazama. Na nikwambie zaidi: siku ya kwanza tu macho yangu yaliniambia yale magoti si sawa. Niliyaambia yanyamaze. Nilitaka sana yawe sawa kwa sababu yalikuwa yako. Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningekitupa kipeperushi nikanywa chai yangu.

Nashukuru umesema kweli. Barua yako ya kwanza ilikuwa tamu kuliko hii, lakini hii ndiyo niliyoisoma mara nne.

Usije. Una wanafunzi kumi na mmoja wapya. Kaa nao.

Mjomba wako


15 Machi

Kwa mwalimu wa mazoezi,

Hunijui vizuri, mimi nakujua kwa mbavu. Ni jirani wa mjomba wako, ninayefua nguo hapa chini. Anwani nimeitoa nyuma ya bahasha yako. Sina kawaida ya kuandikia watu nisiokaa nao, ila safari hii jina langu limetiwa ndani.

Mjomba wako amemwambia mama yako, na amewaambia watu wote wa nyumba hii, kwamba aliteleza kwenye povu la sabuni yangu. Kwanza, mimi nafulia uani, yeye alianguka chumbani kwake ghorofani. Povu langu halipandi ngazi. Pili, wateja wameanza kuniuliza siku hizi natumia sabuni gani. Tatu, alianguka tarehe mbili, amesimama mguu mmoja, ndoo ya maji juu ya kichwa, anatazama mlango na kucheka. Naijua habari hii kwa sababu aliyefungua mlango ni mimi. Alinichekea, akaanguka.

Barua yako ya kumkataza ilifika tarehe tano. Nilimsomea mimi, maana alikuwa chali na hawezi kukaa. Halafu akaomba kalamu. Ile barua aliyokuletea imemchukua siku nane, mistari michache kila siku, ameshika daftari juu ya uso kama mtu anayepaka dari rangi. Nilimwambia mwambie kijana wa watu ukweli. Akasema, "Ana kazi mpya." Nikamwambia na mimi nina sabuni.

Mtaalamu wa viungo wa hospitali amekuja kumwona. Anasema chuma hakijasogea, na hiyo ni bahati ya kushukuru. Mgongo na paja ndivyo vilivyoumia. Anasema wiki hii aanze tena, polepole, kwa njia yake, na bado anaweza kushuka ngazi. Akiendelea kulala, asahau. Karatasi mpya ya vijitu wamemletea. Ameigeuza, uso wake umetazama ukuta. Anasema hadanganywi tena na picha, hata ya kijiti.

Utani anaoufanya kwenye barua usikuzuge. Turubai la meza yake juzi alisema nilichukue nianikie nguo. Hapo ndipo nilipoamua kukuandikia.

Mimi namlisha na kumgeuza. Kumfundisha siwezi. Wewe umesomea.

Njoo. Na ukifika, mweleze mama yako habari ya sabuni.

Mama Povu


8 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nimefika salama, mfuko wa machungwa ulionipa umefika nusu.

Nilikuja kwako na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njia nzima. Siku kumi nimekaa, hukunipa nafasi ya kuyasema. Kila nikifungua mdomo ulisema, "Hesabu." Nikahesabu. Mpaka leo yako mfukoni. Naona sasa kwamba ulikuwa unanisaidia, na nashukuru.

Nakushukuru pia kwa kile ulichonifundisha na hukujua unafundisha. Ulipokataa kutazama karatasi, na ukakataa kunitazama hata mimi, nilikwama. Miaka minne nimefundisha watu kwa kusema "nitazame". Sikuwa na njia nyingine. Ndipo uliponiambia, "Saa iliyokwama siitazami tu, naishika." Ukafumba macho, ukaweka mkono mgongoni kwangu na mwingine kwenye nyonga, ukaniambia nikae kitini na kusimama, nikae na kusimama, mara ishirini. Ukasema, "Kumbe bawaba iko hapa, si kiunoni." Nimesoma vitabu vinene havikunieleza hivyo. Halafu ukasimama mwenyewe kutoka kitandani, mgongo umenyooka, na Mama Povu aliyekuwa anakunja shuka akajifanya hajaona ili usijisifu.

Sasa na mimi nafundisha hivyo. Mtu mgumu namwambia fumba macho, shika.

Mama nimemweleza yote. Alisema, "Nyote wawili," akakata simu. Lakini jana amemtumia Mama Povu kitenge.

Habari ya bango. Nilimwomba bosi aliondoe. Akasema watu hawavutwi na mgongo, wanavutwa na meno, na kwamba meno yangu ndiyo kitu pekee nilichokiletea ukumbi huu. Basi Jumamosi asubuhi niliwatoa wanafunzi wangu nje, nikawasimamisha chini yake. Nikawaambia, "Huyu hapo juu ni mimi, na anakosea. Tafuteni anakosea wapi." Mwanzo waliogopa. Halafu mama mmoja mnene, ambaye hajawahi kusema neno darasani, akasema, "Mwalimu, mgongo wako ni wa paka aliyemwona mbwa." Baada ya hapo sikuweza kuwanyamazisha. Shingo. Miguu iko mbali na chuma. Viwiko vimekunjwa. Wapita njia nao wakasimama wakaanza kubishana. Mlinzi akatoka langoni akainua kidole gumba akasema kile cha pembeni ni chake, na kama kuna anayebisha aje alinganishe.

Bosi alitoka kuja kunifukuza. Akakuta watu wamejaa mpaka upande wa pili wa barabara. Akarudi ndani, akatoka na kiti chake, akakaa. Sasa anataka tufanye hivyo kila Jumamosi, na anasema wazo lilikuwa lake.

Wanafunzi watatu wameondoka. Wamesema hawawezi kufundishwa na mtu anayejianika. Waliobaki wanakaa sawasawa, na mmoja ameniambia mgongo wake umeacha kuuma kwa mara ya kwanza tangu ajiunge. Alikuwa ananiiga mimi wa picha, na mimi sikujua.

Mama Povu alinionyesha jinsi ulivyoshika daftari. Alilala kabisa sakafuni ili nione vizuri. Ulikuwa huwezi kujigeuza, na ukatumia siku nane kunitafutia mimi sababu ya kutojilaumu. Sijui nikushukuru vipi kwa hilo. Nimejaribu kuandika sentensi yake mara tatu, nimefuta.

Fanya ya vijitu asubuhi na jioni. Ya kukaa na kusimama, mara kumi, usizidishe kwa kujionyesha. Kwenye ngazi usikumbuke neno lingine ila hili: ukishuka, mguu mbaya unatangulia; ukipanda, mzuri.

Mpwa wako,
Mbavu


17 Mei

Mpwa wangu,

Jana nilishuka.

Nilikuwa sijamwambia mtu, lakini Mama Povu huwa anajua. Nilipofungua mlango nilimkuta ngazini amekunja mikono ya gauni. Hakuniuliza naenda wapi. Aligeuka akanitazama, akaanza kushuka kinyumenyume mbele yangu, mikono ameitanua kama watu wanaopokea kabati. Nikamwambia akinipokea tutalala hospitali wawili. Akasema, "Shuka, maneno utayakuta chini."

Mguu mbaya, halafu mzuri. Mguu mbaya, halafu mzuri. Mkono kwenye reli, mgongo umenyooka, bawaba mahali pake. Sikuwa na sura nzuri. Jasho lilikuwa linanitoka masikioni na nadhani ulimi ulikuwa nje. Ngazi ya tisa nilisimama, si kwa maumivu, bali kwa sababu niliona mlango wa barazani uko wazi na jua limeingia mpaka ngazi ya mwisho. Nilikuwa nimesahau kwamba asubuhi huwa linafika pale. Mama Povu akadhani nazimia, akanishika kwapani. Nikamwacha anishike. Kuna shukrani ambazo ukizisema zinamuudhi mtu kama yule.

Unajua nilifikiri nini pale? Nilifikiri kwamba watu wamenibeba miezi sita na hakuna hata mmoja aliyeniambia mimi ni mzito. Daktari, yule mtaalamu na vijitu vyake, dada yangu na machungwa yake, huyu mwanamke na midomo yake, na wewe uliyekuja kwa safari ya siku nzima ukakaa kitini na kusimama mpaka mapaja yakatetemeka, ili mzee aliyefumba macho ajue nyonga inavyokwenda. Sentensi uliyoifuta usiiandike tena. Niliipokea ulipokuwa unahesabu.

Chini nilikuta meza yangu. Turubai Mama Povu hakuwahi kulichukua, alikuwa ananidanganya kwamba ameanikia. Nikalitoa. Vumbi, buibui wawili, na vifaa vyangu vingine vyote vimekaa nilivyoviacha siku ile. Nikakaa kwa bawaba. Nikatoa lenzi mfukoni nikaibana jichoni. Kwa muda sikufanya kitu, nilitazama tu kucha zangu kuona kama bado zinaonekana kubwa.

Kabla hata sijafuta meza, mtu akasimama mbele yangu. Nilimtambua kwa viatu, ni yule mwalimu wa shule mwenye haraka. Aliniletea saa yake wiki ile ile niliyovunjika nyonga. Kila mtu anayepita hapa ananiuliza nyonga, ananipa pole, ananieleza habari za shangazi yake aliyevunjika kama mimi. Huyu hakuniuliza lolote. Aliinama akanitazama usoni kama mtu niliyemkosea, akasema, "Fundi, saa yangu iko tayari?"

Sijawahi kumshukuru mteja kama nilivyomshukuru yule, ingawa sikumwambia.

Nikamwambia, "Kesho." Wateja wangu nimewaambia uongo huo miaka arobaini, sijui idadi yake. Alipokwisha kwenda nikaifungua saa yake, nikaona ina gurudumu moja tu lililokwama. Leo asubuhi nimeshuka tena, na nimeimaliza kabla hajafika.

Mjomba wako